Mtani Anaposema Hatanii

Fundi Deogratias Kobelo alikuwa na sifa nyingi, na karibu zote alijipa mwenyewe. Hajamaliza kukupima kiuno, ameshakueleza jinsi watu watakavyogeuza shingo ukilivaa vazi lake. Lakini sifa aliyoipenda kuliko zote haikuwa ya ushonaji. Ilikuwa ya miguu.

"Hii miguu," alikuwa akiwaambia mafundi wenzake pale kibarazani Mwembesongo, mjini Morogoro, huku anakanyaga cherehani kwa mbwembwe, "ni miguu ya Matombo. Imeshuka milima na mikungu ya ndizi tangu utotoni. Haijui maumivu."

Na kweli haikuyajua. Miaka ya karibuni angeweza kukanyaga lami mchana wa jua kali asitikisike. Maji ya kuoga ambayo mkewe aliyaogopa hata kuyagusa kwa kidole, yeye alitumbukiza unyayo mle kama anakanyaga zulia. Badala ya kushtuka, jamani, mtu mzima akafurahi! Akaona ushujaa wake unaongezeka kadiri anavyozeeka. Siku hizi anapokisimulia kisa hiki, na hukisimulia kwa yeyote anayeketi kusubiri upindo wa suruali, hapa ndipo anapoanza kujicheka. "Mguu unakufa ganzi," husema, "na mwenye mguu anaupigia makofi!"

Mambo yalianza kuharibika asubuhi moja ya Jumatatu. Yuliana, mkewe, alikuwa anafunga mdalasini na iliki za kuuza sokoni, akaona matone ya damu sakafuni. Yalianzia mlangoni yakaishia chini ya kiti cha mumewe.

"Baba Pendo, umechinja?"

"Nichinje nini? Kuku wenyewe wako wapi?"

"Basi unachinjwa wewe. Hebu inua mguu."

Akauinua. Chini ya kidole kidogo cha mguu wa kulia ilikuwa imezama nusu ya sindano ya cherehani. Sindano yenyewe ilivunjika wiki iliyopita. Fundi alikuwa ameitafuta nusu hiyo chini ya meza mpaka akachoka, akaishia kumtuhumu fundi jirani yake kuwa ndiye aliyeiokota akaificha, wakanuniana. Kumbe siku zote hizo alikuwa anatembea nayo. Amekwenda nayo kanisani, amesimama nayo kwenye kwaya, ameimba nayo sauti ya nne mpaka mwisho wa misa. Yuliana akaing'oa kwa kibanio, amefumba jicho moja kana kwamba mguu ni wake. Deogratias alimtazama anavyoumia kwa niaba yake, akacheka.

"Ngozi ya Mluguru hiyo, Mama Pendo. Chuma kikitaka kuingia kinapiga hodi kwanza."

"Nyamaza. Kidonda kinanuka. Jumatano unakwenda Ahueni."

Hapo kicheko kikakatika. Ahueni ilikuwa kliniki ya jamii, nyuma ya maduka ya vitambaa, katika ghala la zamani ambalo familia moja ya wafanyabiashara ilikuwa imelitoa bure. Walihudumiwa watu wazima wa kipato cha chini: wabeba mizigo wa sokoni, mama ntilie, vibarua waliomaliza msimu mashambani kwenye miwa, wazee waliopunguzwa viwandani. Ulichangia ulichonacho. Kama huna, ulitibiwa vilevile. Jumatano ilikuwa siku ya sukari na presha.

"Kipato cha chini? Mimi?" Deogratias akajishika kifua. "Mimi ni fundi, Yuliana! Nina cherehani mbili!"

"Moja imekufa."

"Imelala."

"Imelala tangu Pendo hajaolewa. Nisikilize, Baba Pendo. Wewe chakula chako kinatoka mguuni. Mguu huo ukiondoka utakanyaga cherehani kwa nini? Kwa ulimi? Maana ndicho kiungo pekee ulichonacho kisichochoka."

Ukweli ni kwamba maneno yale yalimwingia. Hakujua kazi nyingine, na asingejifunza nyingine katika umri ule. Mguu ukiondoka na fundi ameondoka, anabaki mzee mmoja tu anayekaa kibarazani na kuwaambia vijana jinsi alivyokuwa anashona zamani. Aliogopa. Ila mwenzetu huyu akiogopa haonyeshi. Akiogopa anavaa vizuri.

Basi Jumatano asubuhi akaingia chumbani, akaliangalia koti moja la kijivu lililokuwa linaning'inia, limekamilika, linamsubiri mteja. Koti la kitambaa chepesi, vifungo vya rangi ya kahawia, bitana ya hariri. Lilikuwa la Ritesh, mwenye duka la vyombo. Deogratias akajiambia fundi ana haki ya kulijaribu koti mwilini kabla ya kulikabidhi. Akalijaribu mpaka nje ya mlango, akalijaribu barabarani, akaendelea kulijaribu mpaka Ahueni. Chini alivaa viatu vyeusi alivyovipaka rangi, na kile kidonda ndani yake, kimefungwa kitambaa. Nia yake ilikuwa nzuri: atakayemwona aseme, yule bwana hakuja hapa kwa shida, amepita tu.

Bahati mbaya, ndivyo walivyosema.

Dada wa mapokezi, Mwanvita, alipoliona koti linaingia alisimama mpaka kiti kikaanguka. Kumbe kliniki ilikuwa inamngoja mgeni kutoka Dodoma, mtu wa shirika fulani, aje aione kazi yao na pengine awasaidie vifaa.

"Karibu mheshimiwa! Shikamoo! Tulikuwa tunakusubiri!"

Hapa Deogratias hujitetea mpaka kesho. Anasema alikusudia kukanusha. Anasema alifungua kinywa kabisa. Lakini tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumwita mheshimiwa, na neno lile lilivyomwingia sikioni, lilishuka moja kwa moja mpaka kwenye uti wa mgongo likaunyoosha. Akasikia sauti yake mwenyewe inasema, "Marahaba, binti. Endeleeni na kazi."

Akaingizwa ofisini. Akaletewa soda ya machungwa, baridi, imetokwa jasho. Akainywa. Akaletewa ya pili. Akainywa pia, maana mheshimiwa kukataa soda ni kuwavunja moyo wananchi. Nje ya dirisha, chini ya turubai, sista Winfrida, muuguzi, alikuwa anawafundisha wagonjwa. "Wenye sukari, msitembee peku! Kila jioni shika kioo, tazama unyayo. Mguu wenye ganzi ni mguu unaodanganya. Ukiona hauumi, usifurahi!" Deogratias, soda mkononi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Elimu nzuri sana," akamwambia Mwanvita. "Wananchi hawa wanaihitaji."

Siku hizi akifika sentensi hii huificha sura kwa futi ya kupimia. Neno alilohitaji kulisikia maisha yake yote lilipita pale dirishani kwa sauti kubwa, yeye akaliwekea alama za ufaulu kama mkaguzi wa shule, halafu akalirudisha kwa wenyewe.

Ndipo alipoingia msimamizi wa kliniki, Mama Hansa, mama wa Kihindi aliyezaliwa hapohapo Morogoro na kuzungumza Kiswahili kukushinda wewe. Ghala lile lilikuwa la familia yao. Akamkaribisha mgeni kwa heshima zote, akaketi, akaanza kueleza habari za dawa na vipimo. Lakini macho yake yalikuwa hayatulii usoni kwa mgeni. Yalishuka kifuani, yakarudi, yakashuka tena.

"Koti lako zuri, bwana."

"Ahsante, mama."

"Mume wangu ameshonesha la namna hiyohiyo. Vifungo hivyohivyo, nilimchagulia mwenyewe. Liko kwa fundi. Kila tukipiga simu fundi anasema bado mkono mmoja."

Deogratias alitazama mkono wa kushoto wa koti, akatazama wa kulia. Yote miwili ilikuwepo, bahati mbaya.

"Mama," akasema kwa sauti iliyokuwa imeshaacha uheshimiwa, "mimi ndiye fundi."

"Na mgeni wa Dodoma?"

"Sijui habari zake. Mimi ni mgonjwa."

Mama Hansa akacheka mpaka akavua miwani. Hakumgombeza. Alisema tu, "Haya baba, nenda kapange foleni. Na koti ulivue, usije ukachomwa sindano nalo." Deogratias akatoka na shati lake, lenye kiraka kwapani ambacho hakuwahi kukishona vizuri kwa sababu hakuna aliyekuwa akimlipa. Wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi walikuwa wameona yote kupitia dirishani. Mama mmoja mchoma mahindi akamsogezea nafasi. "Pita hapa mheshimiwa," akasema, na benchi zima likaangua kicheko. Alicheka nao. Angefanya nini?

Sista Winfrida akamtoboa kidole cha mkono, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Akatazama namba, akamtazama mgonjwa, akatazama namba tena.

"Baba, umekunywa nini asubuhi hii?"

"Soda. Mbili. Nilikuwa mheshimiwa."

Akapelekwa kwa tabibu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mrefu, jina lake Hatibu. Alisoma cheti, akasita.

"Kobelo. Kobelo wa wapi, mzee?"

"Wa Matombo."

Hatibu akaiweka kalamu chini polepole, uso umejaa raha. "Mluguru! Mungu mkubwa. Mimi nimezaliwa Tabora."

"Mnyamwezi!" Deogratias akapiga meza. Aibu yote ya koti ikamtoka palepale. Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wapagazi, na matusi baina yao hayana kesi.

"Leo umejileta mwenyewe kwa bwana wako," Hatibu akasema. "Umeshukaje huko mlimani? Nasikia kuku wenu mnawafunga kamba wasiporomoke."

"Na nyie mkikosa mzigo wa kubeba mnaugua. Nimeona pale nje gunia la mtu, nikasema humu ndani lazima yumo Mnyamwezi."

"Mahindi mnapanda kwa manati!"

"Vua koti hilo jeupe, nikushonee la kuli!"

Waliokuwa foleni walisikia wakacheka. Hatibu aliendelea kutania huku anavua kile kiatu, anafungua kitambaa, anasafisha. Ghafla utani ukamkatika. Alikikandamiza kidonda pembeni, akakinusa bila kinyaa, akamtazama Deogratias usoni. Naye alikuwa bado anatabasamu, anangoja zamu yake ya kutukana.

"Mzee Kobelo, sikiliza. Sukari yako iko juu mno, na usisingizie soda. Mguu wako una ganzi, ndiyo maana hukuisikia sindano. Kidonda kimeanza kuoza. Uwe unakuja kusafishwa, umeze dawa, na cherehani usiikanyage kabisa mpaka nikuruhusu. La sivyo mguu utakatwa."

Deogratias alimkodolea macho. Halafu akacheka. Alicheka kwa kifua chote, akalishika tumbo, akafuta machozi.

"Ukate! Mnyamwezi kakosa mzigo, sasa anataka mguu wangu aubebe mpaka Tabora!"

"Sitanii, mzee."

Balaa ikaja na neno hilo. Mtani gani asiyesema hatanii? Mtani akija msibani kwako akalala ndani ya kaburi, akagoma kutoka, hukuambia hatanii. Akikunyang'anya kuku akaondoka naye, hukuambia hatanii. Neno lenyewe ndilo linalokolea utani. Hatibu akasema tena, kwa mkazo zaidi, "Wallahi sitanii!" na Deogratias akaona, loo, kijana huyu ni fundi wa utani, ameiva, hata uso haubadiliki. Akamwinulia kidole gumba. Na Hatibu mwenyewe, kwa jinsi mzee alivyokuwa anacheka, akashindwa kujizuia, mdomo ukamcheza kidogo. Tabasamu lile dogo ndilo lililopiga muhuri. Hatibu mpaka leo anajilaumu kwa ajili yake.

Nyumbani Yuliana alikuwa anangoja mlangoni. "Kasemaje daktari?"

"Kasema mguu utakatwa!"

Yuliana akashika kichwa. "Mama yangu!"

"Mnyamwezi, lakini."

"Aa, Mnyamwezi!" Akashusha pumzi, akacheka naye, maana hata yeye ni wa kulekule Matombo. "Watu wale hawana adabu. Umenishtua bure."

Kwa hiyo kosa lilikuwa la nyumba nzima. Vidonge alivimeza siku za mwanzo, kisha akaviacha, kwa hoja kwamba mtu asiyeumwa akimeza dawa anaiudhi dawa. Kliniki hakurudi. Koti alilipeleka kwa Ritesh mwenyewe, akaupokea utani wake pia, akarudi kwenye cherehani akakanyaga. Kisa cha Mnyamwezi anayetaka kubeba mguu alikisimulia kibarazani, sokoni na kwenye mazoezi ya kwaya, na kila alipokisimulia alikiongezea chumvi. Fundi jirani, yule wa sindano, alicheka mpaka uhasama wao ukaisha.

Harufu ikaanza. Deogratias alisema ni mtaro. Baadaye alisema ni kitambaa cha sufi alicholetewa na mteja. Akajaza poda ndani ya kiatu mpaka kila hatua ikawa inatoa wingu dogo jeupe. Wateja wakawa wanasimama mbali, wanajipima wenyewe na kumtajia namba kwa sauti. Yuliana alikuwa ameacha kucheka. Alisema warudi Ahueni, kila asubuhi, na kila asubuhi alijibiwa, "Mbona hauumi?"

Alasiri moja Deogratias alikuwa anashona sare za kwaya. Akainua macho, akamwona Hatibu amesimama chini ya kibaraza, na begi begani. Hee! Furaha aliyoipata! Aliacha kukanyaga, akawageukia mafundi wenzake. "Mabibi na mabwana, mbeba mizigo wangu huyu hapa! Kaufuata mguu!" Kibaraza kizima kikageuka, kila mtu anangoja jibu.

Hatibu alivua kofia. Akaishika kwa mikono miwili, akainama kidogo.

"Shikamoo, baba," akasema.

Deogratias alingoja. Alidhani kuna mkia unakuja, tusi lililofichwa ndani ya adabu. Haukuja. Mtani wake alikuwa amesimama pale ameinama kama mkwe, macho yake mekundu, na pale Deogratias akaiweka chini sare aliyokuwa anaishona. Mtani anaweza kukutukania babu yako, ukalala usingizi mzuri. Mtani akikuamkia kwa adabu mbele za watu, kuna mtu amekufa, au anakaribia.

"Marahaba," akajibu.

"Baba, utani nimeuacha kliniki. Hukurudi kusafishwa, ndiyo maana nimekuja kukuomba uvue kiatu."

Akavua. Poda ikapaa. Mafundi wakageuza nyuso, kisha wakageuka tena, na hakuna aliyecheka. Kidole kidogo kilikuwa cheusi.

Hatibu akachutama. Akachukua kipande cha uzi mezani, akakikunja kikawa kigumu. "Funga macho, baba. Nitakugusa miguuni. Ukisikia, sema."

Deogratias akafunga macho, akajiweka tayari. Alitaka afaulu. Alikunja uso, anasikiliza kwa mguu mzima. Akasikia pikipiki inapita. Akasikia mkewe, ambaye alikuwa amekuja mbio kutoka sokoni, anahema karibu yake. Akangoja mpaka akachoka.

"Anza basi, mwanangu. Unangoja nini?"

"Nimemaliza, baba."

Akafumbua macho. "Umemaliza nini?"

"Nimegusa nyayo zote mbili. Nimegusa kila kidole. Hicho kibaya nimekigusa mara mbili."

Deogratias alimtazama mkewe. Yuliana alikuwa ameziba mdomo kwa khanga, anaitikia kwa kichwa kuwa ni kweli, ameona. Fundi yule mwenye maneno akaufunika uso kwa viganja. Alilia palepale, mbele ya wateja, mbele ya yule jirani wa sindano, kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni. "Nisaidie, mwanangu," akasema. "Mimi sina kazi nyingine." Hatibu akampakia kwenye bajaji, akapanda naye.

Madaktari wa hospitali kubwa walisema angechelewa kufika kidogo tu, mguu ungekatwa chini ya goti. Waliokoa mguu. Kidole kidogo hakikuokolewa. Ahueni waliandika barua ya rufaa na kuchangia gharama, na Mama Hansa alikuja kumwona wodini, akamletea matunda badala ya soda, akimwita mheshimiwa mbele ya manesi. Siku ya kuruhusiwa, nesi mmoja akamuuliza Yuliana kwa sauti ya chini kama familia itakichukua kile kidole au wakiteketeze. Yuliana alisema Mkobelo hateketezwi. Akakifunga kwenye kitambaa cheupe, akakiweka kwenye kikapu cha mdalasini, wakarudi nacho nyumbani.

Walikusudia kukizika kimya kimya uani. Walijidanganya. Hatibu alipata habari, akatokea jioni hiyohiyo ana jembe begani, amefunga khanga kiunoni, analia kilio cha uongo tangu barabarani. "Yuko wapi marehemu? Nani kaniulia mtumwa wangu?" Nyuma yake Mwanvita na sista Winfrida, wanakufa kwa kicheko, na majirani wakimfuata. Akachimba kaburi la kutosha panya. Lilipokuwa tayari akalikanyaga kwa mguu, akagoma kuondoka. Mtani haondoki bure. Yuliana akampa jogoo aliyemwomba kwa jirani, Hatibu akasema hamtaki, amezoea kufungwa kamba huyo, atashindwa kusimama tambarare. Yuliana akaongeza khanga. Ndipo mtani akapisha.

Deogratias alikuwa amekaa kwenye kiti, mguu umefungwa bandeji, anacheka mpaka mbavu zinamuuma. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya uzi, alijiona mtu tena.

Kisha Hatibu akafanya kile watani hufanya msibani: akamwigiza marehemu. Akapiga magoti kando ya shimo, akakunja mwili ukawa mdogo, akaibana sauti ikawa nyembamba, sauti ya kidole.

"Baba Deogratias," kikasema kidole, "nilikuita. Sindano iliponichoma nilikuita. Maji ya moto yaliponiunguza nilikuita. Nilipiga kelele kanisani, ukaimba juu yangu. Nikasema labda baba amelala. Nikaita mpaka sauti ikaisha. Sikukasirika, baba. Nilikuwa nakusikia tu huko juu unawaambia watu jinsi nisivyoumia."

Vicheko vilipungua kimoja kimoja. Mwanvita alikuwa anacheka huku anajifuta machozi, mwishowe akabaki anajifuta tu.

Deogratias aliinama mbele. Aliitazama miguu yake miwili juu ya kigoda: ule uliofungwa, na ule mzima wenye ukungu wa vumbi, vidole vimetulia vimejipanga, havisemi.

"Mnyamwezi," akasema. "Na hawa waliobaki? Wanasemaje?"

Hatibu aliviinamia, akatega sikio kwa muda mrefu.

"Hawa hawajui kama wana baba," akasema.

Deogratias akamwomba mkewe maji ya uvuguvugu, na ayapime yeye kwa mkono wake, na kioo kile kidogo cha ukutani. Akakataa kusaidiwa. Mbele ya watu wote akauosha mguu mzima, akapitisha kitambaa katikati ya vidole, kimoja kimoja, taratibu, kisha akashika kioo chini ya unyayo na kuutazama.